Dawa ya Shaba Iliyoshukuriwa Mapema

Baada ya darasa la saba niliuza dukani kwa mjomba hapo Kabati, na kila gari likipunguza mwendo nilitoka mbio kuona kama dada yangu mkubwa ameshuka.

"Wewe, unapima sukari ama unapima barabara?" wateja waliniuliza.

Dada alikuwa chuo kikuu Nairobi, anasomea kemia. Alituambia anaunganisha aspirini na shaba, akitafuta dawa ya maumivu ya viungo isiyochoma tumbo. Mwaitu, yaani mama yetu, ambaye vidole vyake vilikuwa vimevimba hata kufuma kiondo kukamshinda, aliuliza neno moja tu: "Lini?" Dada akasema wanangoja zamu ya mashine, ile inayopitisha mwanga kwenye unga wa dawa halafu inachora mstari, iwaambie kama aspirini na shaba vimeshikana kweli.

Mwaitu hakungoja mashine. Jumapili alisimama kanisani akatoa ushuhuda, akamshukuru Mungu kwa dawa ya binti yake kana kwamba ameshaimeza. Mimi nilipiga makofi kuliko wote. Kichwani mwangu alikuwa anafuma tayari, na rangi za kiondo nilikuwa nimezichagua.

Basi dada alipofika nyumbani, alikuta benchi letu limejaa akina mama wa kanisa, sketi zimepandishwa, magoti nje.

"Daktari wetu, karibu!"

"Mimi si daktari, mama."

"Wacha maringo. Leta chupa."

Hakuwa na chupa. Alikunjua karatasi ndefu yenye mstari wa kupanda na kushuka, na furaha ikamfanya aongee haraka. "Angalieni. Aspirini ikiwa peke yake, mstari unashuka hapa. Ikiwa na shaba, umehamia huku. Vimeshikana!"

Akina mama wakaangalia karatasi, wakaangaliana.

"Sasa tunajipaka hii?" mmoja akauliza, na benchi zima likaangua kicheko.

Mwaitu hakucheka. "Kwa hivyo bado."

"Bado, mwaitu. Lazima ijaribiwe kwa panya kwanza. Halafu ni miaka. Na inaweza kukataa."

"Kumbe kwenye foleni niko nyuma ya panya."

Wageni walishusha sketi, wakanywa chai, wakaenda zao wakitaniana njiani. Dada akapasha maji, akatia chumvi, akaingiza mkono mmoja wa mwaitu kwenye karai na kuukanda kidole kwa kidole, polepole. Mimi nilizunguka uani nikimwaga maswali. Panya wa namna gani? Wa ghalani kwetu wanafaa? Nikamate wangapi?

"Kuja hapa," dada akasema bila kuinua macho. "Shika huu mwingine."

Nikaushika. Ulikuwa wa moto, na mzito kuliko nilivyodhani. Mwaitu alifumba macho, akaniambia nisibonyeze sana.