Picha Niliyoitazama Mara Tatu

Ilikuwa picha ya viumbe wanaoshuka kutoka angani na kuwafukuza watu makwao. Niliitazama mara tatu katika ukumbi wa senema pale mjini Mwanza, wenzangu wakadhani napenda bunduki. Kweli, nilizipenda. Haikuwa picha ya urembo: vumbi tupu, askari wamechoka, ndevu hazijanyolewa, nyumba zinabomoka hadi unahisi mchanga mdomoni. Kiingereza chake sikukielewa, lakini mtu anayekimbia na godoro kichwani anahitaji mkalimani wa nini?

Kilichonirudisha ni mahali pamoja tu. Watu wote wamekwishapanda magari, viumbe wamekaribia, halafu steringi, yule shujaa wa picha, anakumbuka kuna kikongwe aliyeachwa nyuma. Anageuza gari. Ukumbi mzima tulisimama kushangilia, nami nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Mimi nami nilikuwa dereva, wa lori la pamba. Wiki ileile niliyoitazama mara ya kwanza, lori langu lilikuwa limetumika kuhamishia watu kwenye kijiji cha ujamaa, mbele ya Igoma. Tuliambiwa huko kuna shule, zahanati na maji, nikaamini, na baadhi yake yalikuwa kweli. Katika kaya ya mwisho tulimkuta bibi mmoja mjane, ameketi kando ya jiwe lake la kusagia mtama. Mama yake alilitumia, na bibi yake vilevile, hata likachimbika kama bakuli. Akagoma kupanda bila jiwe lake. Wenzangu walikuwa wameshaezua paa, mvua inakuja, na mgongo ulikuwa unaniuma.

"Panda, bibi," nikamwambia. "Jiwe nitalifuata mwenyewe Jumamosi."

Aliniamini, ndiyo maana akapanda.

Jumamosi hiyo wenzangu walinivuta senema. Iliyofuata nilirudi ukumbini peke yangu. Ya tatu nilikuwa na lori, tangi limejaa, ruhusa ya mkubwa wangu mfukoni. Nilipofika mbele ya ukumbi nikajisemea naingia kidogo tu, steringi akishageuza gari natoka. Nilikaa hadi taa zikawashwa. Na niseme ukweli: nilitoka mle na moyo mwepesi kabisa, kama mtu aliyekwisha kulifuata jiwe na kulirudisha. Nikaenda zangu nyumbani Pasiansi, nikala samaki wangu sato, nikalala. Aibu hiyo sijaimaliza mpaka leo.

Msimu wa pamba ulipofika, nilitumwa kupakia mzigo katika kijiji kilekile. Bibi alinitambua kabla sijazima injini, akaja moja kwa moja hadi mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Nikaanza kujitetea, spea hakuna, mafuta shida. Akanisikiliza kwanza, kisha akanikatiza bila hasira.

"Jiwe liache. Hapa majirani wananiazima lao. Wewe ukipata nafasi nipeleke mimi, nikalione tu, unirudishe."

Mwendo wenyewe haukufika hata saa moja. Lori lilikuwa tupu, na wapakiaji walikuwa hawajamaliza kufunga marobota. Lakini niliogopa kusimama mbele ya lile jiwe, yeye akiwa ubavuni pangu.

"Gari bovu, bibi," nikamjibu.

Injini ilikuwa bado inanguruma, naye mkono wake ulikuwa juu ya mlango.