Kamera ya Bei Chee

Baba yangu, Anselm, alikuwa mpiga picha mjini, pale mtaa wa Kanyenye, na alikuwa na maringo. Nasema hivyo nikiwa binti yake, tena niliyempenda. Kamera yake ilikuwa ya Kirusi, nzito, imechubuka kila pembe. Aliinunua kwa Fakhrudin mwenye duka kwa bei chee kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Wapiga picha wenzake walikuwa na za Kijerumani, wakaiita ya kwake mkebe wa samli. Baba hakubishana nao. Aliwapa picha waangalie.

Ukichungulia kidirisha chake ulimwona kila mtu mara mbili. Ukizungusha lenzi taratibu, wale wawili walisogeleana mpaka wakawa mmoja, ndipo ukabonyeza. Picha zilitoka safi ajabu: mishono ya kola, vumbi kwenye kope. Mimi niliyezianika kwenye kamba sikuzizoea hata siku moja.

Mwaka 1974, watu walipokuwa wakihamishiwa vijijini, ofisa mmoja wa operesheni hiyo alimchukua baba hadi Puge, akapige picha ya viongozi mbele ya kijiji kipya. Wiki iliyofuata alikuja studio kuichukua. Akasema si mbaya, kwa kamera kama ile.

Hapo maringo yakampanda baba. Akampa kioo cha kukuzia.

"Usiangalie mbele tu, ndugu. Tazama kule nyuma, kwenye mawe. Nyumba ile iko mbali, lakini hata yule bibi mlangoni anaonekana. Amekinga jua kwa mkono. Nani mwingine mjini hapa atakupa picha kama hiyo?"

Ofisa aliinamia picha kwa muda mrefu. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Si nyumba ya Masolwa hii? Alituambia ni tupu. Alisema mama yake ameshahamia kwa ndugu zao Nzega mjini."

"Labda ni mgeni," baba alisema. Ofisa aliitia picha kwenye bahasha akaondoka, nami nikamchukia baba siku ile kama nisivyopata kumchukia mtu.

Masolwa alidanganya kwa sababu moja tu. Mama yake, Bibi Ngollo, alikuwa haoni vizuri, miguu haimbebi, na alitaka kufia kwake, karibu na kaburi la mumewe. Watu wa operesheni walimpakia kwenye lori, nyumba wakaitia moto ili asirudi. Kiwanja alichopewa kilikuwa na miti minne ya mipaka na namba tu. Mvua zikamkuta hapo, chini ya turubai. Hakumaliza mwezi.

Baada ya mazishi Masolwa alikuja studio. Nilimwamkia shikamoo, nikasogea karibu na baba, maana nilidhani atampiga. Hakumpiga.

"Ofisa alinionyesha ile picha," alisema. "Mama hakuwahi kupigwa nyingine. Waondoe hao wakubwa. Nibakizie yeye."

Baba alimkuza mpaka akajaa kwenye karatasi. Picha ilikuwa na chembechembe kidogo, lakini ni yeye, na mkono wake juu ya macho. Masolwa alimshika kwa ncha za vidole.

"Nilikuwa ndani, nyuma yake hapo," alisema. "Nilimwambia, mama, ingia, kuna watu. Akanijibu, wako mbali hao mwanangu, nani ataniona?"