Siku Niliyosugua Jiwe Mama

Nichekeni tu, maana hata mke wangu bado ananicheka, na yeye ndiye anayekula ule mshahara ulionusurika siku ile kwa tundu la sindano. Niseme mapema nisije nikasingiziwa: nilikuwa mtu mzima, mwenye cheo, na sikuwa nimeonja hata tone.

Pale ninapofanya kazi Nyamasaria tunatengeneza mizani. Mzee Kuldip, mwenye kampuni, alianza kwa kurekebisha mizani za mama wauza samaki chini ya mabati mawili, mimi nikimshikia bisibisi, na sasa tuna jumba zima lenye chumba kisichoingia upepo, tunaunda mizani za maabara ambazo ukiziwekea unywele zinakuambia uzito wake. Mwaka huo alinifanya mkuu wa chumba hicho. Humo ndani mlikuwa na kitu kimoja kinachoheshimiwa kumshinda Mzee mwenyewe: jiwe mama, kilo moja ya shaba, ambalo kila mizani tunayounda hurekebishwa ili ikubaliane nalo. "Ouma," Mzee alikuwa akiniambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "mizani naweza kuwa gonjwa. Jiwe mama hapana kosa."

Sasa siku hiyo tulikuwa tunamtarajia Mama Awuor, mnunuzi wa vifaa vya hospitali nyingi za huku kwetu. Akizipenda mizani zetu, tunapanuka. Akizikataa, wale mafundi kumi tuliowaajiri juzi wanarudi nyumbani, na Mzee alikuwa ameshaniambia hivyo huku akinitazama machoni.

Nikafika mapema. Nikalitoa jiwe mama kwenye kisanduku chake nikaliona limefifia, lina weusi weusi, na mimi ni mtu wa Pap Onditi, nimelelewa na mama ambaye mgeni akisikika tu yuko njiani, sufuria zote zinatolewa nje na kusuguliwa mpaka ujione meno (kwetu sufuria nyeusi mbele ya mgeni ni tusi). Nikajiambia, mgeni mkubwa hivi aone jiwe chafu? Nikaenda jikoni kwa mpishi nikachukua stilwaya ya kusugulia sufuria na jivu, nikalisugua.

Jamani, lilimeremeta! Nililiinua juu nikacheka peke yangu.

Kisha nikaliweka kwenye mizani ya kwanza, kioo kikaonyesha limepungua kilo kwa kiasi cha punje ya mchele. Ya pili, hivyo hivyo. Mtu mwenye akili angejiuliza ile punje imekwenda wapi (ilikuwa kwenye stilwaya), lakini mimi nilikumbuka kwamba jiwe mama halina kosa, kwa hiyo nikaamua mizani zote kumi na mbili zimeugua kwa pamoja, nikazirekebisha moja baada ya nyingine nikipiga mluzi.

Mama Awuor akaja. Hakuja mikono mitupu, alikuja na jiwe lake mwenyewe, lenye cheti. Akavaa glavu, akaliweka kwenye mizani ya kwanza: limezidi. Ya pili: limezidi. Akazipitia zote, kisha akamgeukia Mzee.

"Mzee, mizani zako zinaelewana sana. Zote zinadanganya sawasawa."

"Haiwezekani! Ouma, leta jiwe mama!"

Nikaenda kulichukua, na pale kabatini, nilipoona sura yangu ndani ya ile shaba, ndipo akili ikarudi. Nyasaye wangu! Na badala ya kusema ukweli, nikatoa chingamu niliyokuwa natafuna, nikakata kipande kidogo, nikakibandika chini ya jiwe ili kufidia ile punje.

Mzee akalipokea kwa glavu, akaliweka. Kioo kikaonyesha limezidi kilo, tena limezidi hata lile la mgeni.

"Jiwe mama nanenepa?" Mzee akauliza.

Kisha tarakimu zikaanza kushuka. Hakuna aliyeligusa, hakuna upepo, lakini zinashuka, polepole, moja moja. Mama Awuor akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Omera, ndugu yangu, mbona linakonda peke yake?"

Nikatamani sakafu inimeze. "Ni mate, mama."

"Mate gani?"

"Mate yangu. Yanakauka."

Mzee akalinyanyua jiwe, na sahani ya mizani ikaja nayo, imening'inia kwa uzi wa chingamu. Nikaungama yote, jivu, stilwaya na mluzi. Mzee alitamka maneno ya Kipunjabi ambayo sikuyaelewa ila nilijua yananihusu. Nilifikiria wale mafundi kumi huko nje nikaona haya mpaka machozi yakanilengalenga.

Mama Awuor alikuwa ameshika kingo za meza, mabega yanatetemeka, nikadhani ni hasira kumbe anacheka. "Yaani hii mizani imeona mate yakikauka? Mzee, nazichukua. Lakini kwanza zirekebisheni kwa jiwe langu, na huyu akae mbali."

Nilidhani anatania. Mkataba ulipokuja, kifungu cha saba kilisema, kwa herufi nzito, kwamba mtu aitwaye Ouma haruhusiwi kukaribia jiwe lolote. Siku hizi mimi ni mkuu wa kufunga maboksi. Jumba limeongezwa, mafundi wamezidi wale kumi, na kila mnunuzi mpya akishasaini anaomba aonyeshwe yule mtu wa mate. Mimi natoka, natoa mkono, nachekwa, kwa sababu hakuna aliyerudishwa nyumbani. Lakini kusafisha kitu chochote cha kampuni, hata kikombe nilichonywea chai, nimeapa sisafishi tena mpaka naingia kaburini.