Ulanzi wa Karani Lameki

Mwaka 1953 Lameki alikuwa karani wa duka la Mhindi pale njia panda ya Makambako. Karani ni jina alilojipa mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kupima chumvi na kufagia, kwa shilingi arobaini na tano kwa mwezi.

Binti yake Ema alikuwa na akili, wala sijui alizitoa wapi. Mchungaji alimpatia nafasi katika shule ya bweni ya wasichana kule Njombe, na akampa Lameki mwaka mzima wa kutafuta ada, shilingi arobaini. Bila ada, nafasi angepewa mwingine.

Lameki akaendelea na mambo yake. Asubuhi chai na andazi. Sigara alinunua moja moja, maana pakiti aliiona ghali, na kwa mwezi akalipa ghali zaidi. Jioni vikombe vitatu vya ulanzi kwenye klabu ya mama Vestina, senti kumi kikombe. Ukimuuliza, alisema senti kumi si hela. Haba na haba hujaza kibaba, ila si lazima kiwe kibaba chako.

Na ulanzi wenyewe! Ni pombe inayodondoka kutoka kwenye mwanzi mchanga uliokatwa ncha, na Lameki aliachiwa na marehemu baba yake shamba zima la mianzi, mwendo wa nusu saa kutoka klabuni. Lakini kugema ni kazi ya asubuhi na jioni, ndani ya matope, na Karani alikuwa na viatu. Alisema ulanzi wa nyumbani una harufu ya ushamba, wa Vestina ndio wa watu waliostaarabika. Wapumbavu nimewaona wengi, lakini mpumbavu mwenye tai ananichosha kuliko wote.

Januari ilipofika, mkewe Ida alimwuliza habari ya ada.

“Sina hata senti,” alisema Lameki. “Mshahara wenyewe mdogo, mama Ema. Mtoto asubiri.”

Ida akafungua kitambaa, akahesabu mezani shilingi arobaini.

“Umezipata wapi?”

“Kwako, baba Ema. Masika yote kaka yangu Nahumu amegema mianzi yako, mama Vestina akainunua mitungi yote. Wewe na wenzako mmeinywa.”

Ningekuwa mimi, ningetafuta shimo nijifukie. Lameki alinyoosha tai, kisha uso ukamng'aa.

“Kumbe ada nimelipa mimi,” alisema.

Ema alipanda lori la Njombe kesho yake. Jioni ile Lameki alikuwa klabuni, akiwasimulia watu jinsi anavyosomesha, na kwa furaha akaagiza kikombe cha nne. Ida alipopata habari hizo hakukasirika. Alimwambia Nahumu anoe kisu, maana ada ya mwaka wa pili ilikuwa shilingi hamsini.