Wageni wa Mzee Mwinyimadi

Wageni wa Mzee Mwinyimadi walikuwa wakikaa mkekani, karibu na mlango, na hakuna mwingine aliyewaona. Wanaume wawili wenye kanzu, na mwanamke aliyepakata mtoto aliyelowa mvua. Nje jua kali, lakini mtoto kalowa.

Mzee aliletwa Kongowe kwa binti yake, Mwanaamina, baada ya kupotea Kisarawe, kwenye shamba alilolilima miaka hamsini. Maradhi ya kusahau, walisema kliniki. Wakampa kidonge cheupe cha kila asubuhi, cha kupunguza hayo anayoyaona.

"Mama, wageni wasipopungua tutaongeza dozi," daktari alimwambia Mwanaamina. "Lakini kwa umri wake dawa hii ikizidi itamlegeza. Anaweza kuanguka asinyanyuke tena."

Wiki tatu zikapita. Wageni wamekaa pale pale.

Siku moja kabla ya kurudi kliniki, Seifu, mdogo wake Mwanaamina, alipitia akitoka kiwandani Zegereni.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Pita pembeni, usimkanyage mtoto."

Seifu akaruka, akacheka. "Dada, nyumba yako imejaa, hata pa kukaa sina!"

"Cheka tu. Si wewe unayeshinda naye."

"Basi waongeze hiyo dawa. Tutafanyaje?"

Mwanaamina akainuka kwenda kutawadha. Baba wa kulala kutwa kama gunia, huyo angekuwa baba gani? Akaswali adhuhuri, na kwenye sijda ya mwisho akakawia. Ya Rabi, nionyeshe.

Alipomaliza akamwinua mzee, akamkalisha kitini, akaukunja mkeka aukung'ute. Chini yake, vidonge. Vyeupe, kumi na tisa, vimepangwa kwa mafungu, vingine vimegandiana na uji.

"Kumbe mzee mjanja!" Seifu akasema.

"Baba, hivi vimefikaje hapa?"

Mzee akamtazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomozea wapi. "Si vya wageni hivyo? Unaniletea mimi peke yangu, watu wamekaa. Nile, wao waniangalie? Wewe mwanamke, umelelewa wapi?"

Mwanaamina akakaa chini, kando ya vidonge. Aliukumbuka mwaka wa njaa, wakiwa wadogo: mihogo ya mwisho iliwekwa mbele ya wapita njia, na wao watoto wakaambiwa wanywe maji wakalale. Maradhi yalikuwa yamechukua jina lake yeye, yamechukua jina la marehemu mama, yamechukua hata njia ya shamba. Hili hayakuligusa. Subhanallah, alisema, na hata Seifu akaacha kucheka.

Vidonge akavifunga kwenye pindo la khanga, akaenda navyo kliniki. Daktari akavihesabu kimoja kimoja. "Afadhali umevileta. Leo ningemwongezea, kumbe hata hiyo ya kwanza hajaimeza." Dozi ikabaki ile ile. Akamwambia asibishane na mzee, ila asiondoke mpaka amwone amemeza.

Toka siku hiyo sinia la asubuhi lina vikombe vitano vya uji. Vinne vinatangulia mkekani, hata cha mtoto.

"Karibuni wageni, bismillah," husema Mwanaamina. Kisha hugeuka. "Haya, wageni wameshapata. Sasa zamu ya mwenyeji."

Na mzee humeza, akafunua kinywa bila kuombwa.

Hawakuondoka wote. Wale wa kanzu wapo mpaka leo, wanakuja na kutoka. Lakini juma la tatu mzee alikitazama kikombe cha mtoto, akasema, "Hiki rudisha. Mtoto amekauka, mama yake kamchukua wamekwenda zao."

Asubuhi ile ile, uji ulipokwisha, aliinua mikono kuomba dua, wala hakukosea hata herufi. Akawaombea wageni safari njema. Kisha akaongeza:

"Na huyu mwanamke anayetuhudumia, Mola umpe kheri. Simjui ni binti wa nani. Lakini waliomlea, walimlea."

Mwanaamina akapitisha viganja usoni, akakawia kuviondoa.

"Amin, Baba."