Kigae Chenye Alama ya Kidole

Mvua ikigusa udongo uliochomwa, harufu yake hunirudisha utotoni. Leo imenikuta Siakago, mlangoni pa kanisa la kwetu, nikiwa napita tu kama kawaida yangu.

Nyanya yetu alikuwa mfinyanzi wa vyungu. Padri Mhispania alimwomba vigae vya paa la kanisa, akamwonyesha jinsi watu wa kwao wanavyolaza udongo mbichi juu ya gogo ili upinde. Dada yangu alipewa kazi ya kuulainisha kwa maji. Mimi nilichota hayo maji.

"Mikono yako ina moto, itapasua udongo," nyanya aliniambia. "Ya dada yako ni baridi."

"Umesikia, jiko?" dada akacheka.

Walipoingia kunywa uji, nilikandamiza kidole gumba kwenye kigae ambacho dada alikuwa amemaliza kulainisha, nikiomba kipasuke motoni. Hakikupasuka. Nyanya alipokitoa alilipapasa lile shimo, akatabasamu.

"Huyu ametia sahihi kazi yake," alisema, akimpigapiga dada begani.

Dada alinitazama, kisha akaitikia kwa kichwa. Nami nikachukua ndoo, nikaenda kuchota maji.

Miaka mingi baadaye, vigae viliposhushwa na paa kuwekwa mabati, dada alikiomba kigae hicho, akakiweka hapa mlangoni. Sasa ni mama wa kanisa, na wageni humsikiliza.

"Hapa nilibonyeza nikiwa mdogo," anawaambia, nao wanatia vidole kwa zamu. Kisha ananigeukia. "Jaribu na wewe."

Mikono yangu iko mfukoni.

"Wacha tu," namwambia. "Yangu ina moto."