Aliyeitika Korongoni

Nakumbuka mchana mmoja wa ujana wangu, mwanangu Tusajigwe, na jana ulinirudisha huko uliposema umepata kazi ya kuvuna miti ya paini mlimani juu ya Matema. Ulisema mashine ya winchi ni ghali tena inachelewesha, afadhali magogo yateremke yenyewe korongoni. Leo nakujibu.

Nilitoka Ngonga kwenda kazi kama hiyo yako, nikiwa kijana wa mashamba ya mpunga, sijui mlima. Msimamizi wetu alikuwa akilalamika kila siku: winchi inakula mafuta, waya unakatika, na mpaka jioni imevuta magogo machache tu. Korongo, alisema, halidai kitu. Basi wenzangu wa juu walikuwa wanaachia gogo, linashuka kwa kishindo, nami chini nalisogeza pembeni. Kwa kuwa hatukuwa tunaonana, tulikubaliana hivi: wao wanauliza, "Tayari?" Nami nikishatoka korongoni najibu, "Leta."

Mchana huo ukungu ulipanda kutoka ziwani. Ulikuja taratibu, ukameza mti mmoja baada ya mwingine, ndege wakanyamaza. Gogo lililotangulia lilikuwa limekaa vibaya. Nilipoliinua kwa mtaimbo likageuka, likanibana mguu. Halikuuvunja, ila sikuweza kuuchomoa. Nikafungua mdomo niwaite, na kabla sijatoa neno nikasikia swali kutoka juu.

"Tayari?"

Karibu yangu kabisa, ndani ya ukungu, mtu akajibu, "Leta."

Ilikuwa sauti yangu. Mwangwi, mwanangu, hurudisha ulichosema, haujibu swali. Sikuwahi hata kupiga kelele; niliuvuta mguu kwa mikono miwili, ukagoma. Nikafumba macho, nikangoja gogo.

Halikuja.

Yaliyotokea juu nilisimuliwa baadaye. Aliyekuwa ameshika kizuizi cha gogo ni mzee Ambakisye, mkongwe wetu. Msimamizi alimwambia aachie, naye akakataa.

"Kijana ameitika," msimamizi alisema. "Wote tumesikia."

"Nimesikia. Sijamwona."

"Kwa ukungu huu utamwonaje? Tukingoja, siku imepotea."

"Basi ipotee," alisema mzee, akalifunga gogo kwa kamba na kuanza kushuka, akishikilia mizizi.

Nilipoona uso wake ukitokea kwenye ule weupe, nililia. Hakuniuliza kitu mpaka aliponitoa mguu.

"Uliitika wewe?"

Nikatikisa kichwa kukataa. Alitazama kule sauti ilikotoka, kisha akanishika mkono tukaondoka bila kugeuka.

Sisi wawili hatukurudi pale. Msimamizi akatafuta watu wengine, akaendelea na korongo lake. Kabla paini hazijaisha, nilikuwa sokoni Lyulilo waliposhusha mwili wa mmoja wao, umefunikwa blanketi, wakaupakia kwenye mtumbwi kuupeleka kwao. Nilimuuliza mwenzake ilikuwaje.

"Sielewi, ndugu yangu," alisema. "Tulimuuliza, akajibu vizuri kabisa."

"Alijibuje?"

"Alisema, leta."

Sikukuita hapa ili uiache kazi, mwanangu. Una watoto, na miti imeshakomaa. Lakini unapopanga gharama, usiishie kwenye mafuta na waya. Weka na siku za ukungu, siku ambazo watu wako watakaa bila kazi na bado watakula. Ukiona kazi hailipi bila korongo, ujue hiyo kazi hailipi, mwachie mwenye miti. Na popote utakapoteremsha gogo, mtu wa chini aonekane kwa macho kwanza. Usitosheke na sauti, hata ukiijua ni ya nani.

Nenda sasa. Kyala akutule, Mungu akusaidie. Akupe nguvu mteremkoni na subira ukungu unapokaa, na kila uliyeondoka naye asubuhi, jioni umrudishe kwa mama yake akitembea.